Mizigo ya Mkuu Ishushwe Wapi

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mkuu wa Chuo anastaafu mwisho wa mwezi, na leo amemaliza Mpango wa Kurithishana Madaraka. Kurasa kumi na nne. Najua idadi kwa sababu nimeziandika mimi. Yeye hutembea sebuleni akitamka, mimi nimeshika kalamu. Miaka kumi na moja tunafanya hivyo, tangu apewe ukuu. Anasema mwandiko wake haufai kwa mambo ya serikali.

Kila kitu kimo. Funguo za karakana atashika nani, bustani atamwagilia nani, kengele ya saa nne igongwe mara ngapi. Mwalimu Mastura, makamu wake, anakaimu kuanzia tarehe mosi Oktoba na kuhamia nyumba hii. Nikamuuliza, na sisi je? Akasema, sisi akina nani? Sisi wawili, Baba Muzamil, tunaoishi humu. Akasema hilo dogo, tutakwenda kwao Msimbati. Kisha akatia sahihi kurasa zote bila kusoma hata moja.

Ndivyo alivyo. Mwaka juzi wanafunzi walimlalamikia kwa barua — maharage yana wadudu, Mkuu hasikii. Akaandika chini "Naunga mkono" na kuipeleka mbele.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimetoka Likombe, hapa hapa mjini. Fundi amemaliza kupaka rangi. Vyumba viwili, ukumbi, baraza, bati la bluu. Nyumba yangu. Naandika tena nione inavyokaa: nyumba yangu.

Miaka saba ya kukaanga korosho na kuzipeleka kwenye ofisi za bandarini. Mkuu anadhani ni za kupitishia muda. Kiwanja nilimwambia, siku ileile niliyokipata. Akasema mtu mwenye mpango hahangaiki na matofali, Serikali imetupa nyumba. Nikanyamaza. Mwanzo ilikuwa hasira. Halafu msingi ukapanda, ikaja linta, likaja bati, na kila hatua ikawa vigumu zaidi kusema. Sasa nianzie wapi? Baba Muzamil, karibu, choo ni kile pale?

Msimbati sina ugomvi nako. Lakini ni kwao. Wateja wangu wako hapa, goti langu linatibiwa hapa, na kwetu Mikindani ni pua na mdomo. Sitaki kwenda. Basi, nimeandika.

Mastura amepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ameniona mara nyingi tu nikisimamia saruji. "Shikamoo mama, pole na kazi," anapita zake, na kwa Mkuu hajafikisha neno. Chuo kimepata kiongozi.

Alhamisi, 12 Septemba

Wifi yangu Mwanakombo kapiga simu kutoka Msimbati. Mnakuja kweli? Mbona Shaibu hajatoa mbuzi?

Shaibu ni mdogo wake Mkuu. Kumbe nyumba ya marehemu baba yao ndiyo hali yake hiyo: chumba kimoja mbuzi, kingine injini ya boti, na bati la jikoni limehamia kwa Shaibu. Nikampelekea Mkuu habari. Hakuinua hata uso. Akasema alishamwandikia Shaibu tangu Julai, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji. Maelekezo yapo.

Nilitaka kuuliza kama mbuzi nao walipata nakala.

Jumapili, 15 Septemba

Leo nilidhamiria. Nimepika pweza wa nazi, nimefunga mlango wa uani, nimekaa nikamtazama. Baba Muzamil, nina neno.

Akasema yeye pia analo. Akasogeza sahani. Akasema jana aliamka kabla ya adhana, akajaribu kufikiria siku ya tarehe mosi Oktoba itakavyokuwa, akafika mpaka kwenye chai. Baada ya chai hakuona kitu. Akauliza, wewe unaona nini?

Miaka thelathini na minne ya ndoa sijawahi kumwona anaogopa. Nilimhurumia. Ningesema vipi? Kwamba wakati yeye anapanga kengele, mimi nilipanga hadi dirisha la chooni? Kofi siliogopi, hajawahi kuninyanyulia mkono. Naogopa kuuona uso wake akishajua.

Nikamwongezea pweza.

Jumatano, 25 Septemba

Sijasema.

Jumamosi, 28 Septemba

Hafla ya kumuaga. Hotuba saba. Kila aliyesimama alisema pengo la Mkuu halizibiki, na kila aliyeketi alikuwa anautafuta wali kwa macho. Mkuu akajibu kwamba hakuacha pengo lolote, kila jambo lina ukurasa wake. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa meza kuu na kitenge kipya, natabasamu mpaka mashavu yakauma.

Zawadi ikawa kiti cha kubembea cha mninga, wamekitengeneza wanafunzi wenyewe. Kizuri hasa. Mwalimu Issa wa useremala akasema, mzee, hiki ni cha barazani. Mkuu akakikalia pale pale ukumbini, akabembea mara mbili, halafu akainama kufuta macho kwa leso. Nami nikalia. Katikati ya kulia nikajikuta nakipima: kinaenea barazani kwangu, na nafasi ya meza ya chai inabaki. Astaghfirullah.

Jumatatu, 30 Septemba

Lori la chuo limekuja saa mbili. Vitanda vimeingia, kabati limeingia, kiti cha kubembea kimefungwa juu kabisa. Sebule tupu inatoa mwangwi.

Mastura amekuja na muhuri na fomu ya kusafirisha mizigo ya mstaafu. Ameijaza yote isipokuwa mstari mmoja. "Hapa pa kushushia mizigo nimepaacha wazi, mzee. Mjaze wenyewe." Akasema mzee, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Mkuu akajipapasa, miwani imeshafungiwa kwenye maboksi. Akanipa kalamu. Akaanza kutembea sebuleni kama kawaida yake, anatamka: Msimbati, nyumba ya marehemu baba.

Nikaandika: Likombe, nyuma ya msikiti, nyumba ya bati la bluu.

Mwandiko ukatoka safi kama siku zote. Hilo ndilo linanitisha. Akatia sahihi. Mastura akaisoma taratibu, akagonga muhuri, akasema mwandiko wa mama hauna mfano. Lukasi, dereva, akaisoma naye. "Kumbe karibu tu, mzee. Hata mafuta hatutaongeza." Mkuu akafurahi, akasema barabara ya Msimbati imetengenezwa kweli.

Sasa yuko mbele kwenye lori anamwelekeza Lukasi njia ya Msimbati. Lukasi anaitikia tu. Mimi niko juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya jiko, naandika huku napanga maneno. Nitayasema tukikata kona ya Likombe. Nitaanza na kiti. Nitasema, Baba Muzamil, nimekipatia kiti chako baraza.

Mlango wa lori umefunguka. Ameteremka. Kumbe miwani ilikuwa mfukoni mwa shati, na Lukasi ameiacha fomu pale kwenye dashibodi. Amesimama katikati ya ua, miwani usoni, fomu mkononi. Anasoma. Anapitisha kidole, mstari hadi mstari, na midomo inacheza.