Baridi ya Juu ya Bonde la Natron

Kaka Seif,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi letu la gereji hapa Kariakoo. Nimerudi jana kutoka Natron, mgongo unauma na vumbi bado limo masikioni. Nimechoka, kaka. Tangu tukuzike nimekuwa mtu wa kuchoka tu. Nafungua pikipiki za watu, nafunga, halafu sikumbuki kama nilikaza nati.

Mtaa upo vilevile. Kule Jangwani, njia ya Magomeni, maji yalijaa tena, wateja wa Magomeni wakapotea wiki nzima. Dukani kwako kwenye spea anakaa Sabra, binti yako, na mafundi wanamwogopa kuliko walivyokuogopa wewe.

Kuna neno sikukwambia ukiwa hai: samahani. Safari yetu ya mwisho Natron, kule bondeni joto lilikuwa kama la tanuri, nami nikang'ang'ania tupande tukapige hema juu ukingoni, kwenye upepo. Ukaniambia, "Mdogo wangu, kila ukipanda baridi inaongezeka. Halafu huku kwenye ukame siyo Dar. Kwetu hewa ya bahari ina unyevu, inashikilia joto. Huku hewa kavu, jua likizama tu, joto nalo limeondoka." Nikakucheka. Nikasema umezeeka. Ukawasha pikipiki, ukanifuata.

Alfajiri niliamka nimefunikwa mablanketi mawili, langu na lako. Wewe ulikuwa nje umechuchumaa, pikipiki umeisogeza mbali na hema inaunguruma, viganja umevisogeza kwenye injini, meno yanagongana. "Amka, tukanywe chai bondeni." Basi. Hukunilaumu hata kidogo.

Kikohozi kilikuanza njiani. Hukumaliza mwezi. Daktari alisema mapafu yako yalikuwa mabovu siku nyingi, baridi ile isingekuua peke yake. Nilimsikia, lakini... sijui, kaka. Nilimsikia kwa masikio tu.

Sabra alipokuja kuniambia, "Baba mdogo, nipeleke pale baba alipopapenda," nilikataa. Akarudi, nikakataa tena. Mara ya tatu sikuwa hata na nguvu za kukataa. Akapanda pikipiki yako, mimi yangu, tukaenda.

Safari hii nilipiga hema chini kabisa. Jua ndiyo kwanza linazama, mawe bado ya moto, jasho linatutiririka. Sabra akatazama ukingoni. "Si bora tungepanda kule juu? Kuna upepo." Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamweleza yote, nalia mbele ya mtoto wako bila aibu.

Alinimiminia maji ninawe uso. Kisha akasema, "Baba alinihadithia hospitalini. Alisema alikuona umelala, akakufunika blanketi lake, akaogopa kukuamsha mshuke bondeni usiku. Alisema tangu mke wako afariki ulikuwa hupati usingizi, na siku ile angalau ulilala mpaka kukakucha."

Kaka. Mwaka mzima nilikuwa nakuja kazini macho mekundu, nakwambia ni moshi wa pikipiki. Nikadhani umeniamini.

Sabra anataka kujifunza kufungua injini. Nitamfundisha taratibu, kama ulivyonifundisha mimi, na akikosea sitampigia kelele. Hilo nakuahidi. Mama Sabra nitapita kumjulia hali kila Ijumaa baada ya swala.

Kwaheri, kaka yangu. Mola akupe mapumziko mema. Ngoja nifunge gereji, nikalale.

Mdogo wako,
Hamisi