Dada Somoe, Mpira Nimewapa Ikwiriri

Kwako dada yangu Somoe, uliyeko Mloka,

Shikamoo. Mama hajambo, mvua imenyesha kidogo, cherehani yangu ilikatika mkanda na imeshatengenezwa. Nimeyamaliza hayo mapema kwa makusudi, kwa sababu kila nikikupigia simu ndiyo unayoniuliza, na tukiyamaliza ama salio limeisha ama mtandao umekwenda zake. Leo nataka tuzungumze mpira. Naiweka barua hii hapa kwenye kundi letu la watu wa Salale, ambako najua unasoma kila kitu na hujibu kitu. Waisome na wengine, waniambie kama nina haki ya kukukasirikia. Maana nimekasirika, dada. Tangu Jumamosi nimenuna hadi wateja wanaogopa kuulizia nguo zao.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Tulicheza kikapu na wasichana wa Ikwiriri hapa Kibiti, kwenye uwanja wa saruji wenye ufa katikati. Ilikuwa baada ya alasiri, watu wamejaa pembeni, bodaboda wamekalia pikipiki zao wanashangilia wasichokijua. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja na muda umebaki kiduchu. Mwenzangu Zuhura akadunda kuingia ndani, mabeki wawili wakamfuata yeye, akanipasia mimi. Nikabaki peke yangu. Sikutanii. Niko karibu na ringi, miguu imekaa sawa, mbele yangu hakuna mtu. Pale hata mama angefunga. Nikanyanyua macho, nikaona mkono. Mkono wa kushoto, mrefu, umenyooshwa juu, vidole vimetanuka. Nikaupa mpira.

Ulikuwa mkono wa msichana wa Ikwiriri. Alikuwa anakuja kunizuia, hata hajanifikia. Aliupokea kwa mshangao kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake stendi. Kisha akaondoka nao mbio, na mchezo ukaishia hapo.

"Tatu!" Zuhura akanipigia kelele. "Umempa nani?"

Ningemwambiaje kwamba nimempa dada yangu?

Kwa sababu mkono ule ni wako. Nimeutazama miaka yote ya utoto wangu, kule Salale nyuma ya shule, kwenye uwanja ambao maji ya bahari yakijaa wakati wa bamvua yanatuachia tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Goli letu la netiboli lilikuwa boriti ya mkoko iliyochimbiwa, juu yake ringi ya nondo, basi. Wewe ulivaa kifuani alama ya mfungaji, mimi nikavaa ya senta. Ulikuwa ukisimama chini ya ringi, unamweka beki mgongoni, unanyoosha mkono wako wa kushoto juu ya vichwa vya watu wote. Bibi akipita anaguna, mtoto wa kike gani huyu anaomba kwa kushoto. Nami popote nilipo uwanjani nilikuwa nauona. Mpira ukinigusa tu, unakuja kwako.

"Weye lete tu," uliniambia. "Miye nitajua."

Na kweli ulikuwa unajua. Hilo sikunyimi hata leo nikiwa na hasira. Ukishaupokea, beki sheria inamlazimisha arudi nyuma kidogo, basi wewe unajipa muda wako. Unaitazama ringi. Unasema bismillah kwa midomo bila sauti. Unakunja magoti, unanyooka, mpira unapanda taratibu na Salale nzima inanyamaza kuusubiri. Nilikupenda sana pale, dada. Nilikupenda mpaka nikasahau kwamba na mimi nina mikono.

Lakini wewe ulishawahi kufikiri senta anajifunza nini? Kwenye netiboli senta haruhusiwi kufunga. Akirusha golini, filimbi. Kwa hiyo wakati wewe unajifunza kufunga, mimi nilikuwa najifunza mpira ambao kufunga ni kosa. Nikarudi nyumbani na somo lilelile. Unakumbuka sinia la wali? Kamba wakiwekwa katikati, mimi nawamenya, nasukuma upande wako. Mama alikuwa akisema, "Mbona weye huli, kamba wote wampa dadako?" Nawe unacheka, unaninyanyulia mmoja, mdogo kuliko wote, unanitia mdomoni. Nikiona umenipa zawadi.

Nilipokuja Kibiti kusoma sekondari, netiboli hakuna, kuna kikapu. Mwalimu Shamte, ambaye mpaka leo anatufundisha jioni bila kulipwa na mtu, alinipanga siku ya kwanza akaniambia kwenye mchezo huu kila mtu anaruhusiwa kufunga. Nilimsikia kwa masikio. Siku nilipothubutu mazoezini, nikafanya kama wewe. Nikaupokea, nikaitazama ringi, nikasema bismillah, nikakunja magoti. Nilikuwa sijanyooka bado, Zuhura akautoa mpira mikononi mwangu kama mtu anayechuma embe. Wakacheka wote. Kwenye kikapu hakuna sheria ya kumrudisha beki nyuma, dada. Mkono wake unakuja usoni hapohapo. Ule mtindo wako mzuri, ambao Salale nzima ilikuwa inaunyamazia, huku ni wa kuchekesha watu. Nikaacha kupiga. Nikarudi kwenye kile ninachokijua, kutafuta mkono ulionyooshwa.

Na sasa kila mtu ana dawa yangu. "Jiamini, Tatu." Bodaboda wananiambia jiamini. Mama anayeuza chapati karibu na duka langu, ambaye hajawahi kuushika mpira, naye, jiamini mwanangu. Neno hili limenichosha. Ungedhani kujiamini kunauzwa gengeni, nami ni bahili tu sitaki kununua. Mwalimu Shamte peke yake hajawahi kulitamka. Yeye alinirudisha chini ya ringi, karibu kabisa, akasema nipige pale mpaka nichoke kufunga, ndipo nirudi nyuma hatua. "Mkono ukizoea, moyo utaufuata," akaniambia. Halafu akanifundisha kuchagua. Kabla ya kupiga, itazame miguu yako kama imekaa. Utazame mkono wa anayekuzuia uko mbali kiasi gani. Mtazame mwenzako, kama yuko aliye karibu zaidi na aliye huru zaidi yako, mpe. Kama hayuko, huo ni wako, upige, hata ukikosa ulikuwa wako.

Ni maneno mepesi, na ninayaelewa kuliko wenzangu. Zuhura hayaelewi kabisa. Yeye anapiga akiwa hewani, anapiga akiwa anaanguka, anapiga mabeki watatu wakiwa wamemzunguka, akikosa anacheka na kesho anarudia. Mwalimu humfokea, "Zuhura, ule haukuwa wa kupiga!" Anaitikia ndiyo mwalimu, kisha anapiga mwingine mbaya zaidi. Natamani nimwibie nusu ya ule ujinga wake. Maana mimi mazoezini nikiwa peke yangu nafunga. Nafunga kutoka kulia, nafunga kutoka kushoto, nafunga na sasa siitazami ringi kwa muda mrefu kama wewe, naupokea na kuuachia palepale. Mwalimu hutikisa kichwa kwa furaha. Ikifika mechi, mpira ukinifikia, macho yanaiacha ringi yenyewe na kuanza kukutafuta.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dukani siko hivyo. Mtu ananiletea kitenge chake kizuri cha harusi, nakitandika mezani, nakitia chaki, nashika mkasi na kukata. Simwulizi mtu. Nikikosea hapo nimemharibia mtu nguo yake, na bado nakata. Lakini mpira, ambao ukiukosa unaudaka tena na maisha yanaendelea, huo unanishinda. Nieleze wewe, uliyekuwa unajua kila kitu.

Baada ya mchezo ule wa Jumamosi mwalimu hakunifokea. Ningefurahi kama angefoka. Alikaa nami kwenye ngazi za darasa, akaniambia tunarudiana na Ikwiriri Jumamosi hii, hapahapa, na ataniweka tena kuanzia mwanzo.

"Ila nisikilize," akasema. "Nikikutoa, sitakutoa kwa kukosa. Nitakutoa kwa kutopiga. Na nikikutoa safari hii, sitakurudisha."

Najua hatanii. Ameshanivumilia kuliko wengine. Na mimi sitaki kutoka, dada. Siku nzima nimeinamia cherehani, shingo inauma, nangoja jua lipungue nifunge duka nikimbilie uwanjani. Ndicho kitu pekee hapa Kibiti ambacho ni changu.

Ndiyo maana nilikupigia ukiwa unajiandaa kwenda shambani, nikakuomba uje. Na ukaniambia lilelile unaloniambia tangu masika. "Mpaka nimuulize shemejiyo. Wajua tena shamba, wajua wanyama." Nikakuuliza, basi huko huchezi hata na wanawake wenzio? Ukasema, "Miye mpira nishauacha. Cheza weye kwa ajili yetu sote." Ulisema kwa upole, kama unanipa zawadi. Nikaona ni yule kamba mdogo tena.

Nikamchukia shemeji. Siku nzima nilimchukia, nikishona nagombana naye kichwani. Juzi nikaona bora nigombane naye mwenyewe. Nikampigia, nikaanza kwa adabu, shikamoo shemeji, nina ombi, naomba umruhusu dada yangu aje siku moja tu. Akacheka, tena kicheko cha mtu aliyeshangaa kwelikweli.

"Shemeji, mie sijamkataza," akaniambia. "Hajaniomba. Mie nipo, mama yangu yupo, shambani watu wapo. Akitaka hata kesho na aje. Si aseme tu?"

Nikakata simu, nikauweka mkasi mezani. Hajaniomba. Miezi yote hii nilikuwa nakuhurumia, kumbe hujaomba. Wewe! Wewe unayekesha kwenye dungu la kulindia shamba la mahindi na kuwapigia tembo madebe mpaka wanageuka. Tembo unamkabili. Neno moja kwa mume wako, mume ambaye anacheka hivyo kwenye simu, linakushinda. Umesimama peke yako, hakuna mtu mbele yako, na unatafuta wa kumpa.

Huko nako ni kupasia, dada. Uliposema nicheze mimi kwa ajili yetu sote, ulinipasia. Unaposema mpaka nimuulize fulani, unapasia. Mimi nilifundishwa na wewe, lakini wewe nani alikufundisha? Au mwaka ule walipokuposa, ukiwa bado mfungaji wetu, na watu wazima wakakaa barazani kuzungumza, ulikuwa umekaa ndani unangoja kujua utapelekwa wapi, ukasema ndiyo kwa kuwa mkono ulikuwa umeshanyooshwa? Sijawahi kukuuliza. Nilikuwa mdogo, na kilichoniuma siku ile kilikuwa kimoja tu, kwamba Jumatatu nitampa nani mpira.

Nimeandika mpaka hapa na hasira haijaisha, ila imebadilika. Nimegundua sina haki ya kukudai ujasiri ambao hata wewe hukupewa. Lakini bado nimekasirika, sikufichi, kwa sababu nimekukumbuka na wewe hutaki kuja, na sasa huna tena pa kujifichia. Shemeji ameshasema. Basi la asubuhi linapita hapo Mloka. Mtoto wako sijambeba tangu aanze kutembea.

Mwombe tu. Useme, nataka kwenda kumwona mdogo wangu akicheza. Akikataa, basi umekosa, na kukosa si aibu, nasikia watu wanakosa kila siku na wanacheka kama Zuhura. Hakatai lakini. Nimemsikia.

Ukija, usisimame na wale bodaboda, wana kelele. Kaa kule upande wa ringi, kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, nikuone vizuri. Najua nitakuona, macho yangu yatakwenda huko yenyewe, siwezi kuyazuia. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, wewe uliyekuwa ukiniomba mimi kila siku. Mpakate mtoto. Mshike kwa mikono yote miwili. Nikiupata mpira nikiwa peke yangu, watu wakapiga kelele, hata ukitamani vipi, hata ukiona nitakosa, usinyooshe mkono.

Niache nikose.

Mdogo wako, niliyekuwa senta wako,
Tatu