Konokono wa Ilarie

Nyumba ya tatu baada ya kanisa,
Dealu Corbului,
Vaslui, Romania.

13 Septemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Veturia,

Hujambo? Na wa nyumbani kwako huko ugenini Setúbal hawajambo? Mgongo wa shemeji Toader umepona, au bado anatembea kama mtu aliyebeba gunia? Na binti yetu Ilinca, bibi harusi mtarajiwa, anakula? Wasichana wa siku hizi harusi ikikaribia wanaacha kula, halafu gauni linawapwaya. Mlishe huyo mtoto.

Mimi sijambo kidogo. Goti linanisumbua mvua ikikaribia, presha imetulia, kuku wamefika kumi na wanne. Mplamu mwaka huu umezaa mpaka tawi la upande wa kisimani limevunjika. Nimepika jemu tangu Jumatatu na vidole vyangu ni vyekundu hadi sasa, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi usishtuke, si damu.

Najua unajiuliza kulikoni barua ya karatasi wakati tuna simu. Simu nimeizima, nikaivingirisha kwenye taulo, nikaiweka ndani ya sufuria nikafunika. Kama ulipata kwangu meseji ya kusema umeshinda zawadi, pamoja na picha ya mwanamke aliyevaa nguo ya kuogelea akinywa chai ya kupunguza tumbo, dada, si mimi! Usibonyeze chochote. Padri Neculai naye aliipata. Jumapili nilisikiliza ibada nzima nikiwa nyuma ya nguzo.

Ngoja nianze mwanzo, maana hata mimi mwenyewe kichwa kinazunguka.

Uliponipigia mwezi wa saba uliniomba maneno ya marehemu Ilarie wangu, yale aliyosema siku ya harusi yako ulipopiga magoti juu ya mto wa kulalia mbele ya baba na mama, yeye akakuombea msamaha kwao kabla hujatoka nyumbani. Ulisema huko hakuna mtu wa kumsemea Ilinca maneno hayo, na hao ndugu wa bwana harusi hawajui hata kwamba bibi harusi anaombewa msamaha. Nikakwambia, usijali, video ninayo, nitakuandikia neno kwa neno. Niliahidi upesi upesi, kama kawaida yangu.

Sikukwambia jambo moja. Tangu Ilarie afe, mwaka mmoja na miezi mitatu sasa, sikuwahi kuifungua video ile. Niliogopa. Nilijua ipo, Ilarie aliihamisha kutoka kwenye kanda akaitia kwenye memori kadi, ndani ya kopo la vifungo, na kujua kwamba ipo kulinitosha.

Basi nikaiweka kadi kwenye simu yangu. Picha ikatokea vizuri, wewe na shela lako, baba na kofia magotini, Ilarie na kile kitambaa begani. Akafungua mdomo. Kimya! Simu ikaandika kwamba sauti ya aina hii haiitambui. Mume wangu, ambaye sauti yake ilikuwa inawatoa mbwa vichakani, anafungua na kufunga mdomo kama samaki, na simu inasema haimtambui. Nilikaa jikoni nikalia, Veturia, sikufichi.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichofanya.

Siku ya arobaini ya Ilarie wewe hukuweza kuja. Nilitoa pomana kama ada yetu inavyotaka, kitu unachompa mtu kwa jina la marehemu, naye marehemu akakipata huko aliko. Wengine wanatoa ndoo, wengine blanketi. Mimi nilitoa simu yake. Haya, cheka. Mtu yule alikuwa hawezi kupita kwenye geti la mtu bila kusimama nusu saa, nikajiuliza, huko atakaaje bila mtu wa kusema naye? Nikaifunga kwenye kitambaa pamoja na mkate wa kusuka na mshumaa, nikampa jirani yetu Gherasim. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema Mungu amsamehe marehemu. Padri alinitazama, akasema tu, “Aglaia, ungetoa ndoo.”

Kadi niliichomoa kwanza, nikajiona mjanja. Sikujua kwamba Ilarie video yake haikuwa inatoa sauti kwa simu tupu. Alikuwa ameweka kwenye simu yake programu nyingine ya kuchezesha video, ile yenye alama ya konokono wa kijani. Kwa hiyo nilibaki na kitabu, nikagawa miwani.

Na cha pomana hakirudi. Wewe unajua, mama alitufundisha. Ukikidai umekwenda kumnyang'anya marehemu mkononi. Hata kumwomba Gherasim aniazime kwa dakika kumi sikuthubutu. Nilikuwa nikisikia simu ile ikilia ng'ambo ya ua, kwa mlio uleule aliouchagua Ilarie, na ninaingia ndani nafunga mlango.

Nikamwambia Sevastița, yule mama wa posta anayetuletea pensheni. Akacheka mpaka begi likamdondoka begani. “Shoga, hilo nalo la kulilia? Programu za video zimejaa humo kama maharage sokoni. Unapakua moja, haikufai, unafuta, unapakua nyingine!” Nikamuuliza, nitajuaje ipi ni ya kuaminika? Akasema, “Unasoma nyota zilizo chini ya jina la programu. Zenye nyota nyingi ndizo nzuri.” Mdogo wangu, zote zina nyota nyingi. Hata ile iliyoniharibia ina nyota nyingi kuliko mbingu ya mwezi wa nane. Sasa hizo nyota anayezigawa nani? Mpaka leo sielewi.

Ya kwanza ilikuwa na matangazo. Wewe unaingia mlangoni na maua, tangazo la matairi. Mama anafuta machozi, tangazo la dawa ya kucha. Nilivumilia yote hayo, Ilarie alipofika pale akafungua mdomo, kimya vilevile. Nikaifuta.

Ya pili ilikataa hata kufunguka mpaka niiruhusu kuona majina ya watu wote ninaowapigia. Nikamuuliza Sevastița, fundi wa kuonyesha video anataka nini na namba ya mganga wangu wa meno? Akasema, “Acha ushamba, Aglaia, wote wanauliza hivyo. Bonyeza kubali.” Sikubonyeza. Fundi akija kutengeneza dirisha langu siwezi kumwachia afungue kabati la nguo za ndani. Nikaifuta nayo, nikajipongeza.

Laiti ningebaki na akili ile ile.

Nilikaa wiki nzima, na siku zinakimbia, harusi ni tarehe ishirini na moja Oktoba, na barua ina safari yake. Nikasema basi, nitamtafuta konokono mwenyewe. Nikaandika konokono, wakatokea watano! Watano wa kijani, Veturia, wote na gamba, wote wanatabasamu. Wawili wanatazama kulia, watatu kushoto. Nikafumba macho nijaribu kumkumbuka wa Ilarie. Mimi niliyeishi na mtu yule miaka thelathini na minane, najua alivyokuwa akikohoa, najua alikuwa akivaa soksi ya mguu upi kwanza, lakini konokono wake alitazama wapi, sijui. Ilinitia uchungu kuliko inavyostahili. Nilijiona kama nimeanza kumsahau, na nimeanzia kwa konokono.

Nikachagua wa kushoto. Akaomba majina, akaomba meseji, akaomba kusikiliza, akaomba kujua nilipo. Nami kwa kuwa nilidhani ni wa Ilarie, nikamkubalia kila kitu, kubali, kubali, kubali, kama mtu anayefungulia mgeni kwa sababu amevaa koti la ndugu yake. Yaliyofuata nimekwishakueleza. Sauti hakutoa. Chai ya tumbo aliitoa, kwa watu mia moja na kumi na sita.

Sevastița alipoona aliguna tu, akasema, “Lakini mbona hukuangalia nyota?” Nilitaka kumpiga na ufagio.

Nilikuwa tayari kukuandikia kwamba nimeshindwa, mumtafute padri wa huko aseme lolote. Barua ile niliianza. Niliandika “Mpendwa” nikasimama hapo.

Asubuhi ya jana nikasikia geti. Gherasim, amevaa shati la kanisani na kofia mkononi, nywele kazilowesha maji. Nikamwambia, karibu jirani, umekula? Akasema, “Nimekula, dada Aglaia, ahsante. Nimefuata ile zawadi.”

Zawadi gani tena?

Akanionyesha simu. Simu ya Ilarie. Imeandikwa kwa jina langu, Hongera, umeshinda, njoo uchukue zawadi yako. Picha ya yule mwanamke alikuwa ameifunika kwa kidole gumba, kwa heshima. “Nilidhani labda ni jemu,” akasema.

Nilicheka, halafu nikalia, halafu vyote pamoja, na mzee wa watu amesimama hajui aweke wapi kofia. Nikamkalisha, nikampa jemu kweli, na kipande cha jibini na ugali wa moto, nikamweleza yote. Mpaka nikamwambia kwamba konokono nimtafutaye yumo mkononi mwake, na siwezi kumgusa.

Alitafuna kwanza. Unamjua, hajibu mdomo ukiwa umejaa. Kisha akasema, “Wewe huchukui kitu. Simu ni yangu, naishika mimi. Kadi ni yako, unaniazima wewe. Sikio nalo ni la nani? Ilarie hanyang'anywi chochote hapa, labda atafurahi kwamba simu yake inafanya kazi.” Hadi sasa sijui kama padri angekubali, na sitamuuliza, kwa vile hatujatazamana tangu ile picha.

Akaitia kadi. Nikaona alama. Konokono anatazama kulia! Mwambie hivyo Ilinca atakapomtafuta, kulia, na haombi majina ya mtu. Gherasim akaishika simu mbele ya uso wangu, mimi nimeficha mikono yangu chini ya aproni nisije nikajisahau.

Na Ilarie akasema.

Ee Mungu wangu, Veturia. Jiko lilijaa sauti yake. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akivuta pumzi kabla ya jina la mtu. “Msamehe, baba, mkate aliouacha nusu mezani. Msamehe, mama, maziwa aliyoyamwaga na mlango alioubamiza. Mlimpa miguu, leo anaitumia kuondoka, msamehe na hilo.” Baba anainamia kofia yake. Wewe mabega yanatikisika. Yote nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, neno kwa neno, Gherasim akisimamisha na kurudisha kila niliponyanyua kalamu. Asome shemeji Toader kama video itawagomea, na aseme polepole, asikimbie kama anavyokula.

Lakini katikati yake kuna neno lisilokuwa la ada. Wewe hukulisikia, ulikuwa unalia. Mimi mwenyewe nililisahau miaka ishirini na sita yote hii. Baada ya lile la mlango Ilarie anageuza shingo kuelekea nyuma, kule nilikokuwa mlangoni na sinia la nyama ya kukunja kwenye kabichi, na anasema, kwa sauti yake ya kila siku, “Aglaia, sogea, huko husikii.” Halafu anarudi kwenye msamaha wako kama hakusema kitu.

Nami nilisogea. Kwenye video ninaonekana nikisogea na sinia, mwembamba, sijui kitu. Na jana jikoni nikasogea tena, kiti na vyote, mpaka Gherasim akarudisha kichwa nyuma.

Sielewi, mdogo wangu. Sielewi sauti inakaa vipi ndani ya kitu chembamba kama ukucha, sielewi kwa nini mwongo na mkweli wanavaa gamba moja, sielewi kama mtu aliyekufa anajua simu yake imelia. Nimechoka kutaka kuelewa.

Kadi nimeishonea kwenye pindo la taulo la harusi la Ilinca, pembe ile yenye uzi mwekundu, ifumueni taratibu kwa wembe. Sevastița alisema niirushe hewani itafika kwa dakika moja. Nimekataa. Sina nakala nyingine na sitaki kuitengeneza kwa hao wenye nyota. Nakuamini wewe. Utanirudishia Pasaka mkija kumwagia makaburi divai, na Gherasim amesema simu itakuwa na chaji.

Ombi langu ni moja. Vijana wa huko wakitaka kuisafisha video, na wakaona lile neno si la bibi harusi, wasilikate.

Nisalimie shemeji Toader na mgongo wake, na Duarte, huyo bwana harusi, mwambie mama mkubwa wa mkewe si muuza chai. Mbusu Ilinca kwenye paji la uso kwa niaba yangu na ya Ilarie. Gherasim anawasalimu wote, na Sevastița pia, ingawa leo siongei naye. Mungu awalinde safarini na mezani, na mlango wa nyumba yenu ufunguke kwa wema tu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata simu ikiwa ndani ya sufuria,

Aglaia