Uji wa Mtoto wa Kathambi

Sheila, nimetoka kwa Kathambi hapa Nkubu sasa hivi.

Unajua shemeji yake Gikunda ndiye humletea gunia la mahindi ya uji wa mtoto. Leo amekuja, akamkuta akimlisha mtoto, akacheka. "Hayo mahindi funza hawezi kuyala. Ni yale yamebadilishwa kwa maabara. Akiuma tu, anakufa."

Kijiko cha Kathambi kikabaki hewani. "Umeniletea haya tangu lini?"

"Tangu mtoto aanze uji."

Miezi minne, Sheila. Miezi minne na hajawahi kumwambia.

Kathambi akabeba sufuria aende kumwagia kuku, akakumbuka mayai yao pia huliwa na mtoto, akarudi nayo ndani. Akampangusa mtoto mdomo, akampangusa tena, mpaka mtoto akalia.

Gikunda naye ameketi tu, eti wataalamu walisema ni salama, eti aache kujisumbua.

Kathambi akamuuliza polepole, "Na watoto wako wanakula haya?"

Akaangalia chini. "Mama yao alikataa."

Kathambi akakokota lile gunia mpaka mlangoni, akasimama kando yake, akamngoja Gikunda ainuke.