Semina ya Kusema Moja kwa Moja

Mikumi,
9 Juni 2024

Kaka Evarist,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Yusta na watoto wote hapo Masanze. Mgongo wako unaendeleaje? Mahindi mmekwisha kuyavuna, au mvua za mwisho ziliyalaza? Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Najua unangoja habari za nafasi ile ya mkuu wa mapokezi, pamoja na nyumba yake ya vyumba viwili nyuma ya hoteli, ambayo mwanangu Lea angetoka kwenu akahamia kuishi nami shule zikifunguliwa mwezi wa saba. Nitafika huko. Kwanza nikusimulie semina, maana ndiyo iliyoamua kila kitu.

Meneja wetu, Bwana Melkizedek, alitangaza kwamba atakayefanya vizuri katika semina ya mawasiliano kazini ndiye atakayepewa nafasi. Akaja kijana kutoka Dar es Salaam, jina lake Bryson. Anataka aitwe mwezeshaji. Nadhani mwalimu ni neno la watu wenye chaki. Alivaa suti ya buluu katika joto hili, na huku jasho likimtiririka akatufundisha namna ya kuonekana watulivu. Alituwekea ukutani picha za watu wanaopeana mikono. Wote walikuwa na meno mengi. Alisema hao ndio waliofanikiwa maishani.

Siku ya kwanza tulijifunza kutabasamu. Ya pili tukajifunza kusalimia, sisi tulioanza kuamkia watu kabla yeye hajaota jino. Aliniita mbele nimpokee kama mgeni. Nikamkaribisha, nikampa pole ya safari, nikamuuliza habari za alikotoka. Akawageukia wenzangu akasema mama huyu anapokea mgeni kama anapeleka posa. Mpaka amalize, mgeni keshalala hoteli ya jirani. Walicheka, nami nikacheka, maana ilichekesha kidogo. Kisha akasema pole ni neno la wanyonge. Mtu wa kazi hazunguki: anamtazama mwenzake machoni, anasema jambo kwa sentensi mbili, anatoa suluhisho. Hilo suluhisho alilirudia kama kasuku aliyefugwa ofisini. Godfrey, mwenzangu wa mapokezi aliyeitaka nafasi kama mimi, aliitikia kwa kichwa mpaka nikaihofia shingo yake.

Siku ya mwisho, wakati wa chai, simu ya mapokezi ililia. Alikuwa mjomba wa mpishi wetu Happyness, akipiga kutoka Kidodi. Happyness mwenyewe alikuwa amezima simu, kama sheria ya jikoni inavyotaka. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi ile. Mjomba aliniomba tusimwambie. Tuseme tu mama amezidiwa, apande gari aje, naye atampokea stendi pamoja na shangazi zake.

Nikaenda kwa meneja kumwombea ruhusa na gari. Bryson alikuwa pale anakunywa chai. Macho yakamng'aa, Kaka, yakamng'aa kweli, akasema huu ndio mfano hai. Ati kumficha mfanyakazi taarifa ni kumdharau. Niende nikamwambie sasa hivi, sentensi mbili. Nikasema sitaweza. Nikaomba basi angalau atolewe jikoni kwanza, aketi, ashikwe na mtu. Bryson akamwambia meneja kwamba hivi ndivyo watu wanavyopoteza nafasi za uongozi. Godfrey akasema yeye anaweza.

Unakumbuka Mzee Yared alivyokuja kwangu Magomeni, mume wangu Stefano alipofia hospitalini Morogoro? Aliomba maji, akayanywa yote. Akauliza Lea yuko wapi. Kisha, mzee wa kanisa mzima, akainama akaepua mwenyewe chungu changu cha maharage, akakiweka pembeni, ndipo akanishika mkono. Yale maharage hayakuungua. Sijui kwa nini jambo hilo hunifariji, lakini hunifariji.

Godfrey alimkuta Happyness anakaanga samaki. Akamtazama machoni, akamwambia mama yake amefariki leo asubuhi. Akamwambia ruhusa yake imekubaliwa. Happyness alitafuta pa kushika, akashika karai, na mafuta yakammwagikia mkono wote wa kulia. Tulipokuwa tunammwagia maji, yeye akimwita mama yake, Bryson alisimama mlangoni akimwambia Godfrey kwamba ujumbe ulikuwa wazi, ila sauti ingeshuka kidogo mwishoni.

Sasa Kaka, nikwambie nililokuwa nalileta polepole. Nilimwendea Bryson mbele ya meneja na wageni waliokuwa wakingoja funguo. Nikamtazama machoni. Nikamwambia yeye ni mpumbavu anayelipwa kuwagawia watu wazima upumbavu wake. Nikamwambia suluhisho ni apande basi arudi kwao. Sikutabasamu. Meneja alinitaka niombe radhi palepale, nikamjibu kwamba radhi sina. Nikampeleka Happyness zahanati, kisha Kidodi, nikakaa naye msibani hadi mazishi. Niliporudi nilikuta vitu vyangu vimewekwa getini. Nafasi amepewa Godfrey, na nyumba pia. Sina kazi, Kaka. Lea hatahamia huku mwezi wa saba.

Kwa Bryson sijuti hata chembe. Kinachoniuma ni mtoto, ambaye alikwisha kuniambia kitanda chake kikae upande gani. Ndiyo sababu sikupiga simu, angeipokea yeye. Naomba umwambie wewe. Usimwambie akiwa ndiyo kwanza anaingia na ndoo ya maji kichwani. Ale kwanza, wifi akae karibu naye. Akiuliza ni lini basi, usimtajie mwezi. Mwambie mama anatafuta kazi, na kwamba kwa sasa analala kwa Fausta, muuza chapati wa hapa stendi, na hakosi chakula.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Na mnapokaa kwa sala ya jioni, mnikumbuke.

Mdogo wako,
Agatha