Marahaba Niliyomnyima Rahma

Hamriya, Maskati

Mdogo wangu Asya,

Assalaam alaykum. Niwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Barua zako mbili nilizipata, na swali lako nililielewa: Rahma akija huku kuimba, je, atafikia kwangu mimi baba yake? Natumai mguu wako umepona. Sisi ni wazima wa mwili.

Unajua nilivyomlea. Alipokuwa na miaka saba nilimfundisha kasida mwenyewe, nikimkataza kuvuta pumzi katikati ya neno. Alipokua akawa anaalikwa kuimba katika harusi za wanawake, nami sikumkataza. Kisha akaja kwako Unguja kwa likizo, akajiunga na kikundi cha taarabu na maigizo, akapanda jukwaani kuigiza mke wa mlevi. Uliponiletea picha yake, niliandika kwamba asikanyage kwangu. Ni miaka tisa sasa.

Alkhamisi nilimpeleka mke wangu harusini Mawaleh. Sisi wanaume, kama kawaida, tulingoja nje garini. Baada ya alasiri sauti ikasikika kutoka ukumbini. Mwenye gari la jirani akainama dirishani kwangu.

"Maalim, nani huyu anayeimba? Ana mapafu mangapi?"

"Simjui," nikamjibu.

Nilimjua tangu neno la kwanza. Alipumua pale pale nilipomfundisha.

Walipotoka, Rahma alimsindikiza mama yake hadi garini. Amekonda. "Shikamoo, baba," akasema nyuma ya kioo. Asya, katika miaka yote ya kusomesha sijamnyima mtoto wa mtu marahaba, hata yule aliyenivunjia miwani. Wangu nilimnyima. Nilitazama usukani. Nilipoteremsha kioo, alikwishaondoka.

"Umemsikia?" mke wangu akauliza.

"Nimemsikia."

"Basi alikuwa akikuomba nini, kasri?"

Amefikia Al Amerat, kwa wenye harusi, na Jumatano anarudi Unguja. Mama yake ameshamtandikia kitanda chake cha zamani bila kuniuliza. Mimi ulimi wa kusahihisha ninao. Wa kuomba radhi sijui kama ninao.

Msalimie shemeji, na dada yetu mkubwa. Yule mwalimu wa maigizo aliyempokea Rahma naye msalimie. Nilimwandikia maneno mabaya.

Barua hii anaichukua msafiri wa kesho. Nikimpokea, nitakuandikia nyingine, nayo ataileta Rahma mwenyewe. Akifika mikono mitupu, utajua nimeamuaje.

Kaka yako,
Nassor