Maji Aliyoyakataa Kamikazi

Reynoldsburg, Ohio
Jumanne, 17 Juni 2025

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Rurangwa, Louisville.

Baba, Yesu asifiwe. Nakusalimu kwa heshima yote, wewe pamoja na mama. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, na goti lako liwe limetulia sasa kwa kuwa baridi imekwisha. Mama naye, tansiyo yake ya damu ikoje? Mdogo wetu Gisubizo aliniambia kwamba mama amerudi tena kulima kile kishamba nyuma ya kanisa, na kwamba mboga zake za lengalenga zimeota kuliko za mtu mwingine yeyote. Mwambie apumzike saa za mchana; jua la Kentucky si la milima yetu ya Minembwe. Huku kwetu tu wazima. Mke wangu Rakeli bado anatunza wazee kule Gahanna, mimi bado niko ghalani, na watoto wamefunga shule. Wanashinda ndani, ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, lakini wanakula vizuri na wanakusalimu.

Najua utajiuliza kwa nini ninaandika wakati simu iko. Baba, kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati. Donc, basi, nimeona afadhali karatasi. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukikasirika njiani, halafu umsomee mama.

Ulinituma kaskazini nimrudishe dada yetu Kamikazi, nami nilikwenda. Siku ya Pasaka, sote tukiwa sebuleni kwako, ulisema binti yako ameacha masomo ya uuguzi kule Buffalo, analala porini na wanaume asiowajua, anawatembeza wazungu mtoni wakitafuta samaki. Ukasema sisi ni watu wa ng'ombe na maziwa, na katika nyumba ya baba yako hakujawahi kutokea mvuvi, sembuse mvuvi wa kike. Ujumbe ulionipa ulikuwa mfupi: achague, ule mto au nyumba yako. Niliurudia ule ujumbe ndani ya gari kutoka hapa mpaka Buffalo, nikitafuta sauti ya kuusemea.

Buffalo nilifikia kwa Dative, yule rafiki yake Mrundi wa Rumonge ambaye walifanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Dative ndiye aliyenieleza mwanzo wa mambo, maana Kamikazi hakuwahi kupewa nafasi ya kutueleza. Dative ni mtoto wa mvuvi wa Tanganyika. Jumamosi, kazi ikiisha, alikuwa anamchukua Kamikazi kwenda kuvua ukingoni mwa mto Niagara, kwa kujifurahisha tu. Alisema wengine walichoka baada ya saa moja, Kamikazi akabaki amesimama akiyaangalia maji kama mtu anayesoma. Kisha mama mmoja mzungu, jina lake Lorna, mwenye kambi ya wageni huko milimani karibu na mpaka wa Kanada, akatafuta mpishi wa miezi miwili. Kamikazi akaenda kupika. Kiangazi kilichofuata hakuwa tena jikoni, alikuwa kwenye makasia. Na wakati wa baridi, tuliposikia kwamba amekuwa mvivu wa shule, alikuwa anasomea mtihani wa jimbo: sheria za mito, ramani, kufunga mfupa uliovunjika, kumtoa mtu majini. Aliupita mara ya kwanza. Katika kambi ile kuna viongozi wanane wa mto wenye leseni. Wanawake ni wawili tu, Lorna mwenyewe na mwanao. Aliyezaliwa mbali ni mwanao peke yake.

Asubuhi niliendesha saa sita nyingine. Barabara ya lami iliisha, ya changarawe ikaanza, na nilipofungua mlango wa gari visubi, wale wadudu wadogo wanaouma, wakanivamia masikio na shingo. Kamikazi alikuja mbio akicheka, akanipaka mafuta ya kuwafukuza kama ninavyowapaka watoto wangu. Amekuwa mweusi kwa jua na mabega yake yamepanuka. Bado ananiita yaya, kaka yake mkubwa. Kabla sijafungua kinywa aliniambia kwamba anajua nimetumwa, lakini ana wageni wa siku mbili na kwenye boti kuna nafasi moja. Twende kwanza, maneno ya baba nitayasema tukirudi. Nilikubali, Baba. Sikuona ubaya wa kuchelewesha.

Wageni walikuwa wawili kutoka Pittsburgh, Bwana Keller, mzee mnene aliyekuwa mjenzi wa majumba, na mkwe wake, kijana mpole. Bwana Keller alinipa mkono akaniuliza mto ukoje leo. Nikamwambia mimi ni kaka mtu tu, kiongozi ni yule pale. Alicheka, akidhani ninatania. Kamikazi alimfunga jaketi la kuelea kwa mikono yake mwenyewe, akazivuta zile kamba mpaka mzee akakohoa.

Sasa nikueleze hao samaki, maana hata mimi nilikuwa nawadharau. Wanaitwa trauti. Wanaishi kwenye maji baridi tu, safi, yanayokimbia. Chambo chao ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoano hadi zifanane na mdudu, na Kamikazi anazifunga mwenyewe. Moja kaitengeneza kwa nywele za mkia wa ndama. Mgeni akimpata samaki, analowanisha mikono kwanza, anamshika taratibu chini ya tumbo. Mgongo wa kijani kibichi, ubavuni madoa mekundu yenye duara la buluu, tumbo la rangi ya machungwa. Wanamtazama kidogo, wanamsifia, kisha wanamrudisha majini aende zake.

Niliudhika. Nikamwuliza Kamikazi kwa lugha yetu, watu wazima gani hawa wanaosafiri kutwa nzima kushika chakula na kukiachia? Akanijibu bila kuacha kupiga makasia: "Yaya, Baba alikuwa na ng'ombe sitini. Alichinja wangapi?" Nilikukumbuka jioni pale juu, ng'ombe wakirudi, wewe umesimama ukimtaja mmoja mmoja, rangi yake na pembe zake, mama akikuita ule na wewe husikii. Nilimtazama yule mzee wa Pittsburgh amepiga magoti mtoni, amelowa mpaka kiunoni, anamwachia samaki taratibu. Tangu hapo sikumcheka tena.

Tulilala kwenye mahema ukingoni. Alfajiri Kamikazi alikuwa amekwisha kuwasha moto. Kwetu pale hapakuwa na tone la mvua, lakini alisema imenyesha juu milimani. Nikamwuliza amejuaje. Akanionyesha povu, akanionyesha vipande vya majani mabichi vinavyopita, na jiwe moja lililokuwa limetoka nje jana jioni ambalo sasa lilikuwa limezama. Tuliondoka taratibu. Karibu na saa nne tukafika mahali ambapo mto unabanwa na miamba miwili na kushuka kwa kelele. Boti zote hupita hapo, na wageni hulipia safari wakiwaza hapo. Kamikazi aliifunga boti kwenye mti kabla ya kufika, akashuka kwa miguu, akasimama juu ya mwamba wa kwanza muda mrefu akisikiliza. Kona ya chini haikuonekana kutoka pale. Aliporudi alisema hatupiti. Tutaibeba boti na mizigo kwa njia ya msituni.

Bwana Keller alikasirika. Alisema amelipia mto mzima, si nusu. Alisema rafiki zake walipita hapo na kiongozi mwanamume bila shida. Akamwita msichana mdogo. Mkwe wake aliinamisha kichwa. Mimi, Baba, nilitaka kumjibu kwa ngumi. Kamikazi hakupandisha sauti hata kidogo. Akamwambia kwa Kiingereza chake kilichonyooka: "Mzee, mpaka jioni wewe ni wangu. Nikikurudisha mzima, na umeninunia, mimi nitalala vizuri." Kisha akachukua mzigo mzito kuliko yote, akatangulia.

Tuliibeba ile boti ya mpira kwa muda wa karibu saa mbili, kwenye mizizi na matope, visubi wakitula. Bwana Keller alinung'unika mpaka njia ilipopanda juu ya ile kona. Hapo tukaona. Mti mkubwa, mzima na mizizi yake, ulikuwa umeng'oka usiku na kulala ng'ambo mpaka ng'ambo, na mto wote unapita chini ya matawi yake. Boti ingefika pale kwa kasi, na maji yangetusukuma sote chini ya yale matawi. Bwana Keller alivua kofia akaishika kifuani. Tangu dakika ile alimwita Kapteni, na hata kushuka botini aliomba ruhusa kwanza.

Wakati wa kula mchana, tumekaa juu ya mawe, Bwana Keller alimwuliza Kamikazi nani alimfundisha mto. Nilitegemea atamtaja Lorna. Akasema: baba yangu. Akawasimulia ule mwaka tuliohamisha ng'ombe kwa sababu ya vita, tukaukuta mto wa bondeni umevimba. Wenzako wote wakavuka. Wewe ukachomeka fimbo yako kwenye udongo, ukaketi, ukasema hapiti mtu. Walikucheka, walikuita mwoga mbele ya watoto wako. Ulikaa siku mbili. Kamikazi alikuwa na miaka saba, amekaa karibu yako, na ulimwonyesha jinsi povu linavyosema, jinsi majani mabichi yanavyosema. Siku ya tatu tukavuka na ng'ombe wote. Wale waliotangulia walikuwa bado wanawatafuta ng'ombe wao kwenye mchanga chini.

Baba, mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili siku hizo. Sijawahi kukuambia hili: wakati wanakucheka, niliona haya kwa ajili yako. Niligeuza uso nisionekane kuwa wako. Kamikazi yeye alikuwa anajifunza. Ukitafuta fimbo yako iko kwa nani leo, haiko kwangu ghalani. Iko kwa binti yako, na wanaume wazima wanavua kofia mbele yake. Nilivimba kifua kwa fahari.

Bon, sasa nimefika mahali ambapo mkono unakuwa mzito.

Siku ya tatu asubuhi wageni walikwisha kuondoka na mimi nilikuwa nimeshika mlango wa gari. Kamikazi alikuja akasimama mbele yangu, mikono mgongoni, kama alivyokuwa akisimama mbele yako akiwa mdogo. Akasema sasa yuko tayari, niseme alichonituma Baba. Alikuwa amejiandaa kupigwa. Mwaka mmoja na miezi mitatu hajasikia sauti yako. Nikafungua kinywa kusema maneno yako, yale yale, nilikuwa nayo yote kichwani.

Nikamwambia: "Baba anasema, shika makasia vizuri, uwalinde watu. Anasema nyumba yake ni yako."

Nilidanganya, Baba. Nilitia maneno kinywani mwako bila ruhusa yako. Na sikuishia hapo. Aliniomba nirudie, nikarudia. Akauliza ulikuwa umekaa au umesimama ukisema hivyo, nikasema umesimama. Alijifunika uso kwa viganja, akaenda mpaka ukingoni akachuchumaa, akanawa uso mara nyingi kuliko inavyohitajika. Alipogeuka alikuwa na uso ambao sijamwona nao tangu tulipokuwa kambini Burundi, siku jina letu lilipotokea kwenye orodha ya safari ya Amerika.

Kule kwenye kambi ya Lorna simu haishiki. Lakini Jumamosi anashuka Buffalo kwa mapumziko, na Jumapili, ibada ikiisha, atakupigia kukushukuru. Ndiyo maana barua hii nimeituma kwa njia ya haraka, ikufikie kabla yake.

Sikuombi uniache bila adhabu. Nimekukosea wewe uliyeniamini, na nimemkosea yeye pia. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nilijichunguza kilomita zote zile, na sikupata majuto ya kutosha. Naona aibu kwa uwongo, sioni aibu kwa ujumbe. Wewe peke yako, Baba, ndiye unayeweza kuufanya uwe wa kweli.

Jumamosi nikitoka kazini nitaendesha kuja Louisville. Jumapili nitakaa hapo sebuleni, pembeni yako. Simu ikilia na ukaamua kumwambia ukweli, usijichoshe: nipe simu, nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba Baba hakusema, mimi ndiye niliyesema. Na ukiamua kumjibu kama baba wa mtu aliyeyakataa yale maji, nitatoka nje nikamsaidie mama kumwagilia, nisikusikilize.

Msalimie mama Nyirabeza, mwambie binti yake amenona, anapika ugali mpaka wazungu wanaomba tena. Msalimie Gisubizo, na mchungaji, na majirani wote wanaotuulizia. Rakeli anakuinamia kwa heshima. Watoto wanasema "We love you, Sokulu". Neno la mwisho, la kumwita babu, angalau ni letu. Mungu akulinde na akupe wiki ya amani kabla sijafika.

Ni mimi kifungua mimba wako, niliyekukosea na ninayejivunia kuitwa wako,

Olivier